Alipoanza kuniita Mama

Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, nayo ilikuwa ikitetemeka, si kwa hofu bali kwa Haldol, dawa ya maradhi ya akili, aliyodungwa siku chache kabla bila kupewa Artane ya kulegeza misuli iliyokakamaa. Mvua ya Januari ilikuwa ikipiga mabati ya kile chumba cha gereza tulichoazimwa, chumba kisicho na mlango, kwa hiyo kila neno lilitubidi tuliseme kwa sauti ya kutosha kuishinda mvua, lakini ya chini kiasi cha kutomfikia kapita, yaani mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake, ambaye alisimama hatua 5 tu kutoka tulipokaa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Mama, haya nitakayokuambia yanabaki hapa?” Nikamjibu kwamba yanabaki hapa. Nilijibu upesi, kama mtu anayeitikia salamu.

Nina miaka 12 katika kazi ya saikolojia ya tiba hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hakuna jibu ninalolijutia kama lile. Mtu huyo mwenyewe ameniruhusu niandike habari zetu, na hata baada ya ruhusa hiyo nimebadilisha mambo yote yanayoweza kumtambulisha. Gereza, hospitali na mahakama sitavitaja, kwa kuwa kosa ninaloeleza ni langu mimi kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Alikuwa amemuua mdogo wake. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sauti zilimwambia kwamba mdogo wake ni mlozi, kwamba humla usiku akiwa amelala, na kwamba ndiyo sababu mwili wake ulikuwa ukikonda. Familia, ambayo haikuwa na fedha za hospitali wala haikujua kwamba hali ile ina dawa, ilimpeleka kwenye chumba cha maombi pembeni mwa jiji, akafungwa mnyororo mguuni na kunyimwa chakula siku kadhaa kwa jina la mfungo. Kovu la mnyororo ule lilikuwa bado linang'aa juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, na mara ya kwanza nilipolitazama alilifunika taratibu kwa mguu wa pili. Katika jiji hili hili kuna kituo cha wagonjwa wa akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent aliyeishi kati ya mwaka 1797 na 1860, ambaye anakumbukwa kwa kutaka wagonjwa wa akili watendewe kama wagonjwa, si kama wanyama wa kufungwa; lakini mnyororo haujatutoka. Aliyekwenda kumfungua na kumrudisha nyumbani alikuwa mdogo wake.

Kazi ya kumtibu mtu wa namna hii haifanani na kumtibu mtu aliyekuja mwenyewe akigonga mlango. Kanuni yetu ya adhabu ilitokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, wakati wa utawala wa Ubelgiji, na Mkataba wa Roma, ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, unaeleza katika kifungu cha 31 kwamba hawajibiki kwa jinai mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimwondolea uwezo wa kutambua uharamu au hali halisi ya tendo lake au uwezo wa kujizuia. Lakini hakimu hawezi kuiona akili ya mtu kwa macho. Anahitaji mtaalamu aende akaichunguze na kurudi na karatasi. Kwa hiyo mbele ya mgonjwa mmoja kuna kazi mbili: kumtibu, ambako kila unachofanya unakifanya kwa faida yake, na kumchunguza kwa niaba ya mahakama, ambako unaitumikia haki hata kama ukweli utakaouandika utamwumiza yeye. Katika jiji ambalo wanasaikolojia na madaktari wa akili wanajuana wote kwa majina, kazi hizo mbili mara nyingi zinaangukia mikononi mwa mtu mmoja, na wahenga walikwisha kusema kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Hapo ndipo neno “Mama” linapoingia, na ninaomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Vitabu tulivyosomea chuo kikuu viliandikwa kwa Kifaransa na watu wa Ulaya, navyo vilitufundisha kwamba mtaalamu akae katika umbali unaofaa: asiwe ndugu, asiwe rafiki, asipokee zawadi. Sasa nenda ukakae katika umbali huo hapa kwetu, ambako mwanamke mwenye umri wangu huitwa mama na muuza makaa, na dereva wa basi, na askari wa mlangoni, na ambako kumwambia mtu “usiniite mama” ni sawa na kumfungia mlango usoni. Mgonjwa wangu tulikuwa karibu rika moja, lakini katika kikao cha tatu aliacha kuniita Dokta akaanza kuniita Mama. Nilifurahi. Niliandika kwenye daftari langu kwamba uhusiano umeanza kujengeka, na kwa kipimo cha vitabu nilikuwa sahihi, maana mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, mwaka 1979 alieleza kwamba ushirikiano wa tiba umesimama juu ya mambo matatu: kifungo cha moyo kati ya watu wawili, kukubaliana juu ya lengo, na kukubaliana juu ya kazi ya kufanya ili kulifikia.

Nilichosahau ni kwamba Mama si cheo cha bure, ni deni. Mama anapika, mama anaficha aibu ya mtoto wake, mama anakwenda kupiga magoti polisi saa 9 za usiku. Mama hampeleki mtoto wake parke, yaani kwa waendesha mashtaka. Mtu yule aliponiuliza kama maneno yatabaki pale, hakuwa akiniuliza kuhusu kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu, kile kinachotukataza kutoa siri za kazi isipokuwa tunapoitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inapotulazimisha. Alikuwa akiniuliza kama mimi ni mama yake kweli.

Basi alizungumza. Kwa wiki 9 alizungumza, kila Jumanne, mara nyingine dakika 10 na mara nyingine saa nzima, na katika kikao kimoja alinieleza jinsi mdogo wake alivyomwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa bado akilitumia, wakati mkono wake yeye ulikuwa umekwisha kuinuka. Alisema alisikia jina hilo na akadhani ni mlozi anaigiza sauti ya mdogo wake. Baada ya kusema hivyo alinyamaza, akachukua punje moja ya harage iliyokuwa imebaki sakafuni tangu mgao wa chakula, akaifuta vumbi kwa kidole gumba na kuishikilia mpaka kikao kilipokwisha.

Barua ya parke ilifika mwezi uliofuata. Ilitaka ripoti juu ya hali ya akili ya mtuhumiwa, na mkuu wangu wa kazi aliniambia niiandike mimi kwa sababu ndiye niliyemjua zaidi. Nilikubali bila kusita. Niliamini kwamba ninamsaidia, na kwa upande mmoja nilimsaidia kweli, kwani ripoti ile ya kurasa 4 ilionyesha wazi kwamba alikuwa mgonjwa kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake. Ili kuthibitisha jinsi imani ile ya uongo ilivyokuwa imemteka kabisa, niliweka ndani yake habari ya jina la utotoni. Ilikuwa ushahidi mzuri. Hata leo nikiisoma ripoti ile kwa jicho la kitaalamu, naona kwamba ni sentensi iliyomsadikisha hakimu kuliko nyingine zote.

Mahakama ilikuja kuketi ndani ya gereza lenyewe, uwanjani, chini ya turubai. Karani akaisoma ripoti kwa Kifaransa, na mkalimani akairudia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mbele ya wafungwa waliojaa ukutani na mbele ya mama yao wote wawili, yule aliyeua na yule aliyeuawa, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi ya mbele akiwa na kikapu cha chakula mapajani. Jina la utotoni likatamkwa kwa sauti kubwa. Mama yule aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mpini wa kikapu. Mwanawe hakumtazama. Alinitazama mimi.

Mahakama iliamua kwamba hawajibiki na kwamba apelekwe kutibiwa. Jumanne iliyofuata nilimkuta ameketi palepale, mikono juu ya magoti, na aliponiona alisema neno moja tu: “Madamu.” Kwa miezi 7 hakuniita jina jingine, wala hakunijibu swali lolote isipokuwa la usingizi na la choo.

Miezi 7 hiyo aliipitisha gerezani, si hospitali, kwa sababu kitanda hakikupatikana na hakuna aliyejua nani atalipia dawa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 109 kwamba mtu aliyeonekana hawajibiki kwa sababu ya ugonjwa wa akili hapaswi kuwekwa gerezani. Tusidhani kwamba jambo hili linazishinda nchi maskini peke yake: Ubelgiji, iliyokuwa na sheria ya wagonjwa wa namna hii tangu mwaka 1930, ilihukumiwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mnamo Septemba 2016, katika kesi ya W.D., kwa kuwaweka watu hao katika vitengo vya magereza bila matibabu yanayofaa. Ninalitaja kwa sababu kuaminiana hakuoti hewani. Unawezaje kumwambia mtu “mahakama imesema wewe ni mgonjwa, si mhalifu” huku amelala sakafuni kati ya watu 60 na kula vungule, ule mchanganyiko wa mahindi na maharage, mara moja kwa siku?

Katika miezi hiyo nilisoma sana, kwa kuwa nilitaka kujua kama kosa langu ni la ujinga wangu au ni la kazi yenyewe. Ni la vyote viwili. Kesi iliyonifungua macho zaidi ni ya Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto huko Uganda kisha akawa kamanda wa kundi hilohilo lililokuja kuwaua watu wetu wa Haut-Uele. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Februari 2021 na kumpa kifungo cha miaka 25 mwezi Mei, baada ya kukataa utetezi wa ugonjwa wa akili. Na miongoni mwa sababu ambazo majaji walitoa za kutotegemea wataalamu wa upande wa utetezi ni kwamba walikuwa wamechanganya kazi ya kumtibu na kazi ya kumchunguza kwa ajili ya mahakama. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa. Kumbe mchanganyiko ule haumwumizi mgonjwa peke yake. Unaudhoofisha hata ushahidi wenyewe, kwa sababu anayempenda mgonjwa wake haoni kila kitu, na anayetaka kuona kila kitu hawezi kumpenda kwa namna ile ile.

Uholanzi walikwisha kulitambua hilo zamani. Tangu mwaka 1949 wana kituo cha Pieter Baan, ambako mtuhumiwa hukaa wiki kadhaa akichunguzwa kwa ajili ya mahakama, na wanaomchunguza pale si wale watakaomtibu baadaye. Mgonjwa anajua tangu siku ya kwanza yuko wapi na anazungumza na nani. Sisi hatuna kituo cha namna hiyo, lakini kugawana kazi hakuhitaji jengo. Kunahitaji wataalamu wawili waliokubaliana: wewe mtibu huyu nami nitamwandikia hakimu, na mwaka ujao tubadilishane. Tumeanza hivyo na mwenzangu mmoja wa upande wa pili wa jiji, na hadi sasa tumeshagawana wagonjwa 8.

Hata hivyo kugawana hakumalizi kila kitu, kwa sababu anayetibu naye ana mahali ambapo siri inaishia. Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Tarasoff, kwamba mtaalamu ambaye mgonjwa wake anatishia kumdhuru mtu fulani ana wajibu wa kumkinga mtu huyo, hata kwa kuvunja siri; na Kanuni za Mandela, katika ile ya 32, zinailinda siri ya mfungwa isipokuwa pale ambapo kuitunza kunaleta hatari ya kweli na ya karibu kwake au kwa wengine. Nakubaliana nazo. Nisichokubaliana nacho ni mgonjwa kuligundua jambo hilo siku ambayo limekwisha kutendeka.

Ndiyo maana sasa, kabla mtu hajaniambia hata jina la mtaa wake, namwambia mimi kwanza. Nasema hivi, kwa Kiswahili cha hapa na bila haraka: “Mimi ninakutibu. Hakimu akitaka ripoti, ataandika mtu mwingine, na utamwona uso kwa uso. Ukiniambia unataka kujiua au kumwua mtu, sitanyamaza, na wewe utakuwa wa kwanza kujua kwamba sitanyamaza. Mkuu wa gereza akiniuliza kama upewe adhabu, sitamjibu, hiyo si kazi yangu. Mengine yote ni yako.” Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Wengine hunyamaza wiki mbili nzima baada ya hapo, na wenzangu kadhaa wameniambia kwamba ninawatisha wagonjwa. Mimi naona kwamba ukimya wa mtu aliyeambiwa ukweli una afya kuliko maungamo ya mtu aliyedanganywa. Jennifer Skeem na wenzake, waliochunguza mwaka 2007 watu wenye maradhi ya akili waliokuwa chini ya usimamizi wa mahakama huko Marekani, waliona kwamba uhusiano wenye kujali, haki na kuaminiana ulikwenda pamoja na watu kufuata masharti, na ukali mtupu ulikwenda pamoja na kuyavunja. Haki inayosemwa hapo, kwa ninavyoielewa mimi, huanza na kumwambia mtu mapema.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni woga wetu sisi wenyewe. Nimekaa mbele ya watu waliofanya mambo ambayo usiku yalinizuia kuwashika wanangu. Kuna siku niliona karaha, na kuna siku, ambazo ni za hatari zaidi, niliona huruma kubwa mno nikaanza kuwatetea wagonjwa hata pale walipokuwa wamemtisha muuguzi. Dawa ya yote mawili ni kuzungumza na mwenzako anayeijua kazi, kila mwezi, bila kuficha. Kiti changu nakiweka karibu na njia ya kutokea lakini siiwekei mgongo, ili yeye pia aione njia, maana mtu aliyewahi kufungwa mnyororo huwa na hofu ya kona.

Mgonjwa wangu hakurudi kwa maneno mazuri. Alirudi kwa Artane. Nilimsumbua daktari mpaka zikapatikana, mikono ikatulia, na siku moja akafunga kifungo cha shati mwenyewe. Jumanne iliyofuata nilichukua nakala ya ripoti, nikamsomea yote, kurasa 4, kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba nilimwahidi jambo nisilokuwa na uwezo wa kuliahidi, na kwamba nilipaswa kumsomea yeye kwanza kabla ya mtu yeyote. Alinikatiza mara mbili kusahihisha: mwezi niliouandika haukuwa sahihi, na mdogo wake hakuwa na miaka 19 bali 20, kwa kuwa alikuwa ametimiza wiki ileile. Nilisahihisha kwa kalamu mbele yake. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba.

Kitanda kilipopatikana hatimaye, mama yake alianza kuja hospitali kila Jumapili, na alikuwa akinivuta pembeni kila mara. “Mwanangu,” aliniambia, kwani umri wake ulimruhusu, “wewe ndiye anayekuambia. Ile siku walisoma jina tu. Baada ya jina alisema nini?” Nilijua. Lilikuwa ni jambo ambalo sikuliweka kwenye ripoti. Nilimshika mkono nikamwambia, “Mama, hilo ni la mwanao, si langu.” Alichukia, na alikuwa na haki ya kuchukia, kwa sababu aliyekufa ni wake na aliye hai ni wake pia. Kwa ruhusa ya mama huyo nilimpelekea mwanawe swali lile, bila kumsukuma, na kwa Jumapili kadhaa hakulijibu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Juni, wakati wa baridi, upepo ukipita chini ya mlango. Mama alikuwa ameleta bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, sahani zimefunikwa kwa kitambaa. Sote watatu tulikuwa chumbani. Mgonjwa wangu alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akasema: “Mama Dokta, naomba utoke kidogo.” Nilitoka nikakaa chini ya mwembe wa uani, nikawaona kupitia dirishani wameinamiana, halafu nikageuza kiti ili nisione. Walikaa hivyo karibu saa nzima. Aliponiita niingie, sahani zilikuwa bado zimefunikwa, na bukari ilikuwa imepoa.